Dawa ya Karatasi na Pua ya Shukuru

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe lililoachwa na mtu aliyenizidi kimo. Nilikunja mikono yake mara mbili, nikasimama nyuma ya dirisha la dawa. Ilikuwa mwaka 1997, na kituo chetu cha afya katika makazi ya Nakivale kilikuwa nyumba mbili za matofali na mahema matatu. Nilikuwa nimefika Uganda miezi michache kabla, nikiwa na watoto watatu na cheti changu cha uuguzi kutoka Kivu ya Kusini, ambacho nilikuwa nimekishonea ndani ya kitenge. Cheti chenyewe kilikuwa cha Kifaransa. Mkuu wa kituo, cheo ambacho Uganda nzima hukiita Inchaji, alikuwa mama mmoja Mnyankore mwenye miwani. Alikigeuza cheti juu chini, akacheka, akaniuliza kama najua kuhesabu vidonge. Nilimjibu kwamba najua kuhesabu hata wanaonicheka. Akanipa kazi palepale.

Ninyi mnaotoa dawa siku hizi mna kompyuta na vijitabu vya rangi. Sisi tulikuwa na sahani ya bati, kisu butu cha kuhesabia, rejista na bahasha ndogo za kaki. Mgonjwa anakuletea karatasi ya daktari, unasoma, unavuta vidonge vitano vitano kwa kisu, kisha unaandika juu ya bahasha 1 x 3, yaani kimoja mara tatu kwa siku. Asiyejua kusoma unamchorea jua linalochomoza, jua la utosini na jua linalozama. Halafu unamtaka arudie ulichomwambia. Wengi walirudia vibaya, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Chini ya dirisha palikuwa na kinu kidogo cha kauri na mchi wake. Kilikuwa cha kuwasagia watoto, maana dawa ya maji ilikuwa adimu. Lakini watu wazima nao walikuja kuomba. Mtu amevuka milima akifukuzwa na risasi, kisha anashindwa na kidonge, anasema kinamkwama kooni. Nilipomuuliza Inchaji nifanyeje, alijibu bila kuinua kichwa kwenye rejista.

"Kama hawezi meza, wewe saga. Hapa hakuna mtu anarudi nyumbani na dawa hajakunywa."

Basi nikasaga. Unga niliufunga katika nusu ukurasa wa daftari: nakunja mara tatu, halafu naichomeka pembe moja ndani ya nyingine, hata karatasi ikianguka unga haumwagiki. Mkunjo ule sikufundishwa kituoni. Mama yangu mzazi alikuwa akiuza tumbaku ya kunusa sokoni kwetu, na mikono yangu iliujua kabla sijajua kusoma. Wagonjwa waliupenda sana. Waliiita dawa ya karatasi, na baada ya muda wakaja watu wenye makoo mazima kabisa wakiidai, na mimi nikawapa. Nilijivuna, nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani kuna aliyenishawishi.

Naandika haya kwa sababu ya mwanamume mmoja, Shukuru, ambaye karatasi zangu zilikaribia kumuua. Yu hai hadi leo. Lakini kumweka hai kulikuwa kazi ya kila siku, na kazi hiyo haikuandikwa katika mkataba wangu wowote.

Kabla ya kumfikia Shukuru, lazima nimtaje Haji. Mwaka 2001 niliomba ruhusa nikahamia Mbarara mjini, nikaajiriwa katika duka lake la dawa. Alikuwa mzee wa Kiislamu, mtu wa swala tano na maneno machache, na aliogopwa na wafanyakazi kuliko polisi. Nyuma ya kaunta alikuwa na kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ndani mlikuwa na dawa kali za maumivu, zile za jamii ya afyuni: kodeini, tramadoli, mofini. Kila kidonge kilichotoka kiliandikwa jina la mgonjwa, jina la daktari na saini mbili.

Ni Haji aliyenieleza jambo ambalo shule yangu ya uuguzi ililipitia juu juu. Dawa hizi hupanda hadi kwenye ubongo na kuyanyamazisha maumivu. Lakini hukohuko kwenye ubongo ndiko iliko amri ya kupumua, nayo hunyamazishwa pamoja na maumivu. Ukimeza kidonge kimoja kama ulivyoandikiwa, tumbo linakipokea pole pole na mwili unazoea. Ukikifanya unga ukauvuta puani, hakuna tumbo la kukipunguza mwendo. Kile kilichopangwa kuingia kwa saa kadhaa kinaingia kwa dakika, na mtu anaweza kulala akasahau kuvuta pumzi.

Wenye kuvuta hivyo walikuwa wanakuja, nasi tuliwajua: mafundi wa magari, wapasua mawe, wanafunzi wa vyuo, hata watumishi wa ofisi waliovaa tai. Wengine walikuwa na karatasi nzuri za daktari. Siku ya kwanza nilipotaka kumhudumia mmoja, Haji alinishika mkono.

"Mama, tazama pua kwanza, ndiyo usome karatasi," alisema. "Karatasi mtu anaweza kuazima."

Alinifundisha kutazama pua kama fundi saa anavyotazama saa. Kamasi zisizokwisha kwa mtu asiye na mafua. Magamba ya damu kwenye ukingo wa tundu. Sauti inayotokea puani. Mkono unaokwenda puani kila dakika bila mwenyewe kujua. Siku moja alimwomba dereva mmoja wa lori ainamishe kichwa nyuma, akaniita nione. Ukuta wa katikati ya pua ulikuwa umetoboka, ukimulika tundu la kulia, mwanga unatokea kushoto. Yule dereva alitutukana matusi ambayo sikuyajua kwa lugha yoyote. Haji alimpa maji ya kunywa, akamwambia aende hospitali, akamfungulia mlango.

Kidonge, alinieleza baadaye, si dawa tupu. Ndani yake mna chaki, wanga na gundi ya kukishikilia. Tumbo halina shida na vitu hivyo. Pua ina shida navyo. Vinaugandia utando laini, vinauchubua, vinazuia damu kufika, na mwisho nyama inakufa. Chembe nyingine zinashuka hadi mapafuni na kubaki huko. Na wanaochangia mrija mmoja wa kuvutia wanaachiana damu bila kuiona, na pamoja na damu homa ya ini. Niliyasikiliza yote hayo, nikayaweka akilini. Nilidhani ni mambo ya mjini.

Mwaka 2004 nilirudi Nakivale, kwa kuwa wanangu walikuwa kule na mama mtu mzima hawezi kulea kwa simu. Kituo kilikuwa kimekua. Inchaji mpya alikuwa kijana Mnyankore, mtabibu msaidizi, mrefu, mkali, asiyependa kurudia neno. Alinirudisha kwenye dirisha langu la zamani, na kinu changu nikakikuta kimekaa palepale.

Shukuru alikuwa na umri kama wa miaka thelathini wakati ule. Alikuwa fundi wa matofali na mpiga ngoma wa kwaya, mtu wa kucheka kwa sauti hadi kuku wanakimbia. Aliishi na mama yake mstari mmoja na nyumba yangu. Mama Shukuru alilima mahindi na maharage, na siku za soko alitandika kitenge chini akauza tumbaku ya kunusa. Tulitoka upande mmoja wa Kivu, tulisengenya pamoja, na mara nyingi nilikaa karibu naye sokoni nikimtazama anavyofunga tumbaku yake kwenye vipande vya daftari. Nilimtazama kwa miaka, na sikuona chochote.

Kiangazi cha mwaka 2007 Shukuru alikuwa juu ya paa la kanisa akipigilia mabati, akateleza, akavunjika paja. Mbarara walimpasua wakamtia chuma. Alirudi baada ya wiki kadhaa kwa magongo mawili, na dawa yake ya maumivu ikaletwa kituoni kwetu ili aichukue kila wiki dirishani. Ilikuwa dawa kali ya jamii ile ya Haji. Jina lake nilikuwa nimelijua tangu Kongo. Baada ya jina palikuwa na herufi mbili nisizozijua. Shuleni kwetu dawa ya namna hiyo iliandikwa kwa herufi nyingine za Kifaransa. Sikuuliza. Kumbe zilimaanisha kwamba kidonge kimetengenezwa ili kiachie dawa taratibu, kutwa nzima, kupitia ganda lake. Kidonge cha namna hiyo hubeba dawa nyingi kuliko cha kawaida. Ukivunja ganda, dawa yote ya kutwa inatoka mara moja.

Shukuru aliniambia vidonge vile vinamkwama. Alinionyesha koo lake kwa kidole kama mtoto. "Mama, nisagie tu. Unijue, mimi na vidonge hatupatane."

Nilimsagia. Nilikunja karatasi saba, za siku saba, nikamwambia atie unga kwenye uji.

Wiki ya kwanza alirudi akitabasamu. Wiki ya pili alirudi siku mbili kabla ya siku yake, akasema karatasi mbili zimelowa mvua. Ilikuwa kiangazi, wanangu. Hata wingu hatukuwa tumeliona kwa mwezi mzima. Na mimi, mwenye macho mawili na cheti, nikamsagia nyingine mbili.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, alisimama dirishani akiwa na kamasi, na ukingoni mwa tundu la kushoto nikaona gamba jekundu. Alisema neno, sauti ikatokea puani. Mkono ulikwenda puani, ukashuka, ukarudi. Nilijua. Nawaambia ukweli kwamba nilijua wakati uleule, kana kwamba Haji amenishika mkono. Na hapohapo nikaanza kujidanganya: vumbi limezidi, watu wote wana mafua. Kilichonitia woga si pua yake. Niliogopa swali moja tu la Inchaji, kwamba nani aliisaga dawa hiyo. Mkimbizi aliyeajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja hapendi maswali ya namna hiyo. Nikampa karatasi zake, nikajiambia nitamuuliza kesho.

Kesho yake, kama saa tano asubuhi, walimleta juu ya mlango wa mbao waliouchomoa nyumbani kwake, wanaume wanne. Mama yake alikuwa nyuma, miguu mitupu, kitenge kimoja.

"Mama Nsimire, mutoto haamuke," aliniambia. Nsimire ni binti yangu wa kwanza. "Niko namuita tangu alirudi mu shamba. Anakoroma tu."

Inchaji alimgusa paji la uso, akamwinua kope moja haraka, akasema ni malaria imepanda kichwani. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Kwetu, kati ya watu kumi walioletwa hawajitambui, tisa walikuwa na malaria. Aliagiza kwinini ya mshipani, na muuguzi akaanza kutafuta mshipa. Mimi nilitumwa kuchukua chupa ya maji ya drip. Niliichukua, nikarudi nayo, nikasimama miguuni pa kitanda.

Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Ule mkoromo ulikuja, ukakatika, nikahesabu hadi tisa kabla haujarudi. Nilimfungua jicho mwenyewe. Mboni ilikuwa imesinyaa kama tundu la sindano. Malaria haifanyi hivyo.

Nilikuwa na chupa mkononi. Kama ningenyamaza, angetundikiwa kwinini, angekufa kabla ya saa sita, na kwenye rejista ingeandikwa malaria. Hakuna mtu angeuliza. Nawaambia kwa sababu wazo lile lilinipitia. Lilikaa kwa muda wa mkoromo mmoja, na hata sasa huwa naliona aibu.

Niligeuka kwa mama yake nikamuuliza amekula nini.

"Dawa yako tu."

"Amekula, au amefanyaje?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga. "Amevuta. Dawa ya mu karatasi, si iko ya pua? Mi njo nilimuambia avute, kama tumbako. Ikamusaidia mbio. Leo alienda mu shamba na magongo, mguu ikamuuma sana, akavuta tatu."

Hapo ndipo nilipoona. Kwa watu wa kwetu, unga uliofungwa mkunjo ule ni tumbaku, na tumbaku ndiyo dawa ya kichwa na ya maumivu tangu enzi za mabibi zetu, na njia yake ni pua. Nilimwambia Shukuru atie kwenye uji, lakini karatasi ilimwambia mama yake jambo lingine, na yeye aliiamini karatasi. Ningeweka unga ule kwenye chupa, au kwenye bahasha ya kaki, asingewaza pua hata siku moja. Mikono yangu ndiyo iliyomwelekeza.

"Inchaji, si malaria," nilisema. "Ni vidonge vyake vya maumivu. Nilivisaga mimi, na amevivuta puani."

Muuguzi aliacha kutafuta mshipa. Inchaji alikuja hadi karibu yangu, akaniita nyabo, yaani mama, kama wanavyoita kwao.

"Ile dawa ya kuachia polepole, wewe nyabo, ulisaga?"

"Nilisaga."

"Wiki ngapi?"

"Tatu."

Nilingoja anipige kofi, na ningelipokea. Alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Toa hiyo kwinini. Leta gari. Kukasirika iko ya kesho."

Dawa ya kuzindua, ile inayoiondoa afyuni kwenye ubongo, hatukuwa nayo. Ya karibu ilikuwa Mbarara. Mpira wa kupumulia tuliokuwa nao ulikuwa wa watoto wachanga, barakoa yake ndogo kama kifuniko cha chai, haikumkaa usoni. Basi tuliweka kipande cha shashi juu ya mdomo wake, Inchaji akamwinua kidevu ili koo lifunguke, nami nikampulizia kwa mdomo wangu. Unapuliza, unatazama kifua kikipanda, unahesabu hadi tano, unapuliza tena. Ndani ya gari tulibadilishana. Barabara ilikuwa ya mashimo na vumbi, na kila gari liliporuka meno yangu yaligongana na yake. Nilipopumzika, Inchaji alipuliza. Inchaji alipopumzika, nilipuliza. Mama Shukuru aliishika miguu ya mwanawe akiita jina lake, si kwa kelele, kama mtu anayemwamsha mtoto aende shule.

Karibu na Kaberebere tulikuta ng'ombe wamejaa barabarani, pembe kwa pembe. Dereva alipiga honi hadi ikapoteza sauti. Wachungaji walitutazama. Nilikuwa nikihesabu, moja, mbili, tatu, na nikagundua kwamba midomo yangu imekufa ganzi na siisikii shashi tena. Kifua cha Shukuru hakikupanda. Nilipuliza tena, hakikupanda. Inchaji alinisukuma, akamgeuza upande, akaingiza vidole akatoa makohozi, akamrudisha chali.

"Pumua, nyabo. Wewe ndiyo mapafu yake sasa, usilie."

Sikujua kwamba nalia. Nilipuliza, kifua kikapanda. Ng'ombe wakapita.

Mbarara daktari alimchoma sindano ya ile dawa ya kuzindua. Baada ya dakika chache Shukuru alifungua macho, akakohoa, akamuuliza mama yake kwa nini amevua viatu. Tulidhani tumemaliza. Nusu saa baadaye alianza kuzama tena, maana sindano ile huisha nguvu kabla ya afyuni kuisha mwilini, na ilibidi achomwe tena, na tena. Siku ya tatu daktari alimmulika pua akaniita nitazame. Sikuhitaji kuitwa. Utando ulikuwa vidonda vitupu, na kwenye ukuta wa katikati palikuwa pameanza kutoboka. Wiki tatu tu.

Inchaji alinikasirikia Jumatatu, kama alivyoahidi. Aliandika ripoti ya kurasa mbili, akanisomea kabla ya kuipeleka, akaniuliza kama kuna uongo. Hapakuwa na uongo. Aliandika pia kwamba nilisema mwenyewe, na kwamba bila kusema mgonjwa angekufa, na nadhani ni sentensi hiyo iliyoniokoa nisifukuzwe kabisa. Nilihamishiwa Oruchinga, makazi madogo jirani na Nakivale, nikawa napima uzito wa watoto. Kwa miaka miwili na nusu sikuruhusiwa kugusa hata kidonge cha kichwa. Nilijifunza mengi kule kuhusu mizani na kuhusu kunyamaza.

Niliporudishwa Nakivale, kinu kilikuwa kimefungiwa kabatini na hakuna aliyesagiwa dawa bila saini ya Inchaji. Vizuri. Lakini Shukuru hakuwa yule wa kuku kukimbia. Mwili ulikuwa umeonja na haukusahau. Alipokosa dawa alitoka jasho, akapiga miayo, akaharisha, mifupa ikamuuma hata isiyovunjika. Alinunua vidonge sokoni, kwa watu ambao sitawataja kwa kuwa baadhi yao wameokoka sasa. Mara mbili zaidi alianguka hajitambui. Hakusikia harufu tena: maharage yaliungua mbele yake, na yeye ameketi hapo hapo. Alipopumua, pua ilipiga mluzi mdogo, na kwenye kwaya watoto walimcheka hadi akaacha ngoma. Mama yake alimfunga mlango, akamfungulia, akamfunga tena. Tumbaku yake hakuiuza tena, ingawa hakuna aliyemwambia aache.

Daktari wa Mbarara alimpunguzia dawa kidogo kidogo, hadi kikabaki kidonge kimoja kwa siku ambacho hakuweza kukiacha. Inchaji hakutaka kumpa hata hicho. Alisema atakiweka chini ya ulimi, atatoka nacho, atakisaga. Alikuwa sahihi, maana Shukuru alikuwa ameshafanya hivyo. Ndipo nilipomwomba Inchaji nifanye kama tunavyowafanyia wagonjwa wa kifua kikuu, wanaomeza mbele ya mhudumu kila siku.

"Kila siku? Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

"Siku moja ukikosa, mimi nafunga hiyo mambo."

Sikukosa. Saa nne kamili asubuhi Shukuru alikuja. Nilimpa kidonge kizima na kikombe cha maji. Alimeza, akafungua mdomo, akainua ulimi, akageuza shavu moja kisha la pili. Nilimkalisha kwenye benchi nusu saa nikimwona. Lile koo lililokuwa haliwezi kidonge likajifunza, baada ya siku nne za kukabwa na kukohoa. Siku nyingine alinitukana. Siku nyingine alilia. Siku moja alinijia akiwa amelewa, nikamnyima, maana pombe na dawa ile vikikutana pumzi hukatika upesi zaidi, akavunja kioo cha dirisha. Kesho yake saa nne alikuwa amesimama palepale, mkono umefungwa kitambaa, nikampa kidonge chake. Tulifanya hivyo karibu miaka mitano.

Nilistaafu mwaka 2015, magoti yalipokataa kusimama. Mnaoanza kazi hii mara nyingi huniuliza niliyojifunza, mkitegemea neno zito. Sina. Ninajua tu kwamba dawa haiishii dirishani. Inakwenda nyumbani kwa mtu, inamkuta mama yake na desturi zake na njaa yake, na huko inaanza maisha ambayo wewe huyaoni. Ukitoa dawa, ifuate. Usipoweza kuifuata kwa miguu, ifuate kwa maswali. Kidonge kilichoandikwa kimezwe kizima, kimezwe kizima, hata kama mgonjwa anakuonyesha koo lake kwa kidole. Na ukiiona pua, sema siku hiyohiyo.

Siku yangu ya mwisho walininunulia soda na keki. Inchaji, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, alisoma hotuba fupi, akaitaja ile safari bila kuitaja. Aliyenirithi alikuwa binti mzuri kutoka Mbarara, mwenye diploma ya ufamasia na kucha safi. Saa nne ilipofika niliacha keki, nikaenda dirishani, na Shukuru alikuwa hapo. Alimeza. Aliinua ulimi. Lakini hakwenda kwenye benchi.

"Mama, kesho nitameza mbele ya nani?"

Nilimwonyesha yule binti. Nilimwambia nimemweleza yote, nimemwandikia kila kitu kwenye daftari, ni mtu makini. Shukuru alimtazama bila ubaya wowote.

"Ule hanijue," alisema. "Nitamudanganya."

Alisema kwa upole sana, kama mtu anayekutahadharisha kuna shimo njiani. Hakuwa akinitisha. Alikuwa akiomba msaada kwa njia pekee aliyoijua. Nilimaliza soda yangu, nikapeana mikono na watu, nikarudi nyumbani na zawadi ya blanketi.

Kesho yake saa nne kasoro dakika tano nilikuwa dirishani, upande wa nje, nimesimama na Shukuru kwenye foleni.